Hofu Isiyosahaulika: Homoni ya Mfadhaiko na Vipokezi Vyake kwa Watu Wazima wa Afya

Hotuba hii niliitoa hapa Mombasa mbele ya walimu, wazazi na wahudumu wa afya ya jamii. Naiweka yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wale waliozuiwa na kazi, safari au uuguzi wasiweze kufika.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Bwana Mwenyekiti, walimu wenzangu, mama zangu na baba zangu, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya hofu, nami nimeona ni vyema leo tuwaache wagonjwa kwa madaktari wao, tumzungumze mtu mzima wa afya: anayekula, anayelala, anayekwenda kazini Changamwe na kurudi jioni kwa watoto wake, na ambaye hata hivyo kuna jambo moja ambalo likimpitia mbele ya macho moyo wake huenda mbio na miguu ikamlegea. Ni nani katika ukumbi huu asiye na jambo kama hilo? Na tumwonapo mwenzetu katika hali hiyo, huwa twasema nini? Twasema ni mwoga. Twasema imani yake ni haba. Twamwambia ajikaze kiume, hata akiwa ni mtoto wa miaka minane. Mimi naona hukumu hiyo ni dhuluma, kwa kuwa nguvu ya kumbukumbu ya hofu hutegemea sana kemia ya mwili ambayo hakuna kati yetu aliyejichagulia, na nimekuja kuwaeleza kemia hiyo kwa kadiri ilivyojulikana.

Juu ya kila figo ipo tezi ndogo, ambayo wataalamu huiita tezi ya adrenali. Ubongo utambuapo hatari, tezi hizo hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni ya haraka: sehemu ya ndani ya tezi humwaga adrenalini, na kwa muda wa sekunde chache moyo hupiga kwa nguvu na viganja hutoka jasho. Ya pili huja polepole. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa ujumbe wa kemikali kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari nayo hupeleka ujumbe mwingine kwa njia ya damu mpaka kwenye gamba la tezi za adrenali, na gamba hilo hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kiwango cha kotisoli hufika kileleni takriban nusu saa baada ya jambo lenyewe kuanza, yaani mara nyingi wakati ambapo gari limekwisha pita, mbwa amekwisha fungwa, na mtu ameketi barazani akipewa maji ya kunywa. Naomba muiweke akilini nusu saa hiyo, kwani tutairudia.

Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, alieleza kwamba mwili hujibu madhara ya namna mbalimbali kwa mtindo mmoja, na tezi hizi zimo katika jibu hilo. Lakini kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba homoni hizi ni za mwili tu: za sukari, za damu, za kupambana na uvimbe. Mwaka 1968, Bruce McEwen na wenzake mjini New York waliwapa panya homoni ya aina hiyo iliyotiwa alama ya mnururisho, wakatazama inakoishia, wakaikuta imekusanyika kwa wingi ndani ya ubongo, tena katika hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu za matukio. Fikirini maana yake, ndugu zangu. Homoni ya mfadhaiko ina makao yake katika nyumba ya kumbukumbu!

Homoni peke yake haifanyi kitu. Hufanya kazi pale tu inapokutana na kipokezi, ambacho ni protini iliyo ndani ya seli, na vipokezi vyenyewe ni vya aina mbili, kama Hans Reul na Ron de Kloet walivyoonyesha huko Uholanzi mwaka 1985. Kimoja huitwa kipokezi cha mineralokotikoidi na kingine kipokezi cha glukokotikoidi. Ni majina mazito, basi mniruhusu niviite kipokezi cha kwanza na cha pili. Kile cha kwanza huishika homoni kwa nguvu takriban mara kumi kuliko kile cha pili. Sisi watu wa pwani hatuhitaji mchoro kulielewa jambo hili. Pale Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, ipo miamba ya chini ambayo hata maji yakipwa huwa imelowa, na iko sehemu ya juu ya ufuo ambayo haiguswi na maji ila siku za bamvua. Kipokezi cha kwanza ni ile miamba ya chini: hata usiku wa manane, kotisoli inapokuwa chache kabisa, sehemu kubwa ya vipokezi hivyo imeshashika homoni. Kipokezi cha pili hungojea wingi, na wingi huja nyakati mbili, alfajiri na asubuhi mtu anapoamka, na wakati wa mfadhaiko.

Kwa hiyo kazi zao hutofautiana. Cha kwanza huhusika na mwanzo wa jambo, namna ubongo unavyolipima tukio na kuamua ulishughulikie vipi. Cha pili huhusika na kulihifadhi tukio na kuurudisha mwili katika utulivu. Vyote viwili huweza kuingia katika kiini cha seli na kuwasha au kuzima jeni, kazi ambayo huchukua saa nzima au zaidi, na mwaka 2005 iligunduliwa katika ubongo wa panya kwamba kipokezi cha kwanza kipo pia juu ya utando wa seli, ambapo hufanya kazi kwa dakika chache tu.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu yenyewe.

Mwaka 1994, Larry Cahill, James McGaugh na wenzao huko California waliwaonyesha watu wazima wa afya picha zilizoambatana na hadithi. Hadithi ilikuwa ya mama na mwanawe waliokwenda kumtembelea baba mahali pake pa kazi, hospitalini. Kwa kundi moja, mtoto aligongwa na gari njiani na madaktari wakahangaika kumwokoa. Kwa kundi jingine, safari ilikuwa ya kawaida. Kabla ya hapo baadhi yao walipewa propranololi, dawa inayozuia adrenalini isishike vipokezi vyake, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki moja waliulizwa wanakumbuka nini. Waliomeza kidonge kitupu waliikumbuka sehemu ya ajali kuliko sehemu nyingine zote. Waliomeza propranololi hawakuwa na ziada hiyo, ingawa mambo ya kawaida ya hadithi waliyakumbuka sawasawa na wenzao. Kilichopungua ni ule mkazo ambao hofu huuweka juu ya kumbukumbu. Adrenalini huufungulia mlango mkazo huo kupitia sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, na kotisoli, ikifika nusu saa baadaye na kushika kipokezi cha pili, huukaza zaidi.

Nilisema tutawaacha wagonjwa, lakini naomba ruhusa ya kuwataja watatu, maana bila wao hatuwezi kuielewa hofu ya mzima. Mwaka 1995 Antoine Bechara na wenzake nchini Marekani waliwafundisha watu hao kwa rangi na kwa sauti: rangi fulani ikitokea, mara nyingine hufuatwa na mlio mkubwa wa honi ya chombo cha baharini. Mmoja alikuwa ameharibika amigdala pande zote mbili. Aliweza kueleza vizuri ni rangi gani iliyofuatwa na honi, lakini ngozi yake haikutoa jasho hata kidogo ilipotokea. Wa pili alikuwa ameharibika hipokampasi. Ngozi yake ilitoka jasho kila rangi ile ilipotokea, naye hakuweza kusema ni rangi gani wala kwa nini. Wa tatu alikuwa ameharibika zote mbili, na hakuwa na hili wala lile.

Mwaonaje? Hofu ina kumbukumbu mbili ndani ya mtu mmoja, moja ya kujua na moja ya mwili, na kila moja inaweza kuishi bila ya nyenzake. Sehemu zote mbili zina vipokezi vya kotisoli.

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipinduka pale Mtongwe, na watu 272 wakafa maji. Wengi wenu mlikuwa hai, wengine mlizika. Wapo hadi leo watu wa Likoni na Mtongwe ambao hawapandi feri mpaka wasome dua kimoyomoyo, na wapo ambao hushika reli kwa mikono miwili tangu mlango unapofungwa hadi unapofunguliwa. Ni watu wazima wa afya, wanaofanya biashara na kulea wajukuu. Kijana akimwambia bibi yake kwamba feri za sasa ni imara, anazungumza na hipokampasi ya bibi, nayo inamsikia na kukubali, amigdala haikusemeshwa. Bibi anajua, na bado anatetemeka. Hakuna unafiki wala ujinga katika hilo.

Mtauliza, kipokezi cha kwanza kina sehemu gani hapa? Mwaka 2013 Lars Schwabe na wenzake nchini Ujerumani waliwapa watu wazima wa afya mchezo wa kubashiri hali ya hewa kwa kutazama kadi. Waliotiwa katika mfadhaiko kwanza waliacha kutegemea hipokampasi wakaegemea sehemu za ubongo zinazoshughulikia mazoea. Lakini waliopewa spironolaktoni, dawa inayokizuia kipokezi cha kwanza, hawakubadilika hivyo hata walipofadhaishwa. Ni kipokezi hicho, basi, kinachouelekeza ubongo wa mtu aliyeshtuka uache kufikiri uanze kufuata mazoea, na mazoea ya mwenye hofu ni kukimbia, kukwepa na kuganda.

Walimu wenzangu, hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Nimesema kotisoli huikaza kumbukumbu. Je, kwa nini basi mwanafunzi aliyesoma usiku kucha akisimamishwa mbele ya darasa kwa ukali hupotewa na kila kitu? Mwaka 1998 Dominique de Quervain na wenzake waliwafundisha panya kutafuta jukwaa lililofichwa ndani ya maji. Kesho yake, kabla ya mtihani, waliwapa mshtuko wa umeme miguuni. Panya walioshtuliwa dakika mbili kabla ya mtihani walipakumbuka mahali. Walioshtuliwa saa nne kabla walipakumbuka pia. Walioshtuliwa dakika 30 kabla walipotea. Dakika 30! Ndiyo ile nusu saa ya kotisoli. Na watafiti walipozuia kotikosteroni, ambayo kwa panya ndiyo homoni inayofanya kazi ya kotisoli, isitengenezwe, upotevu ule haukutokea. Mwaka 2000 mtafiti huyohuyo aliwapa watu wazima wa afya kotisoni, dawa ambayo mwilini hugeuka kuwa kotisoli, saa moja kabla ya kuulizwa maneno waliyojifunza siku iliyotangulia, nao wakayakumbuka machache kuliko wenzao waliopewa kidonge kitupu.

Homoni ni moja, vipokezi ni vilevile, na matokeo yanapingana kwa sababu ya wakati. Ikija wakati wa kuhifadhi, hukaza. Ikija wakati wa kutoa kilichohifadhiwa, huziba. Na mfadhaiko wa kijamii unatosha kuileta, bila kipigo wala umeme. Kipimo kinachotumiwa na maabara nyingi duniani, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Trier nchini Ujerumani mwaka 1993, ni kumsimamisha mtu mbele ya jopo lisilotabasamu, atoe hotuba, kisha ahesabu kwa sauti kutoka 1022 akitoa 13 kila mara, na akikosea aanze upya. Kotisoli hupanda mara mbili hadi nne. Sasa niambieni, hilo lina tofauti gani na mtoto anayesimamishwa ubaoni huku darasa zima likimcheka na mwalimu ameshika fimbo?

Mtoto huyo amepata hasara mbili kwa wakati mmoja. Alichokisoma jana hakitoki, kwa kuwa kotisoli imeziba njia ya kukitoa. Na linalotokea sasa, yaani sura ya mwalimu, kicheko cha wenzake, harufu ya chaki, linahifadhiwa kwa mkazo wote ambao adrenalini na kotisoli zinaweza kuuweka. Hesabu imekataa, hofu ya hesabu imekubali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na wapo wazazi na walimu ambao mpaka leo huinung'unikia kana kwamba imewafunga mikono. Mimi nasema, hata pasingekuwa na sheria, mwalimu anayetaka mtoto akumbuke hana faida yoyote katika fimbo ile. Nalisema bila kuogopa, na atakayetaka kunipinga atapewa kipaza sauti.

Jambo la tofauti kati ya mtu na mtu nitalipitia kwa ufupi. Ndugu wawili hupanda gari moja, likapata ajali, wakatoka salama. Mmoja baada ya mwezi analisimulia akicheka, mwingine akisikia breki anafumba macho. Kwa nini? Jeni inayotengeneza kipokezi cha pili huitwa NR3C1 na ya kipokezi cha kwanza NR3C2, na watu hurithi maumbo yanayotofautiana kidogo. Athari ya kila umbo peke yake ni ndogo, na matokeo ya utafiti mmoja mara nyingi hayakujirudia katika mwingine, kwa hiyo akija mtu kuwauzia kipimo cha jeni cha woga, mfungieni mlango.

Lakini juu ya jeni hubandikwa alama za kemikali ambazo hupunguza au kuongeza kazi yake, na alama hizo zaweza kutokana na maisha. Huko Montreal, Michael Meaney na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba watoto wa panya waliolambwa sana na mama zao katika wiki ya kwanza walikuwa na vipokezi vya pili vingi zaidi katika hipokampasi, na walipokua walitulia upesi baada ya kushtuka. Watoto waliozaliwa na mama asiyelamba, wakalelewa na mama anayelamba, walifuata malezi. Kwa binadamu tuna ushahidi wa karibu na kwetu: mwaka 2014 Vanja Vukojevic na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa manusura wa mauaji ya halaiki ya Rwanda waliokuwa katika kambi ya Nakivale, Uganda. Wanaume waliokuwa na alama nyingi zaidi katika jeni ya kipokezi cha pili walisumbuliwa kwa uchache kuliko wenzao na picha za yale waliyoyaona. Kwa vijana wa kiume wa Ulaya wasiopata msiba wowote, alama hizohizo zilihusiana na namna ubongo ulivyofanya kazi wakati wa kukumbuka picha. Kwa wanawake uhusiano huo haukuonekana. Basi walionusurika katika janga moja walibeba mizigo isiyolingana, na mwenye mzigo mzito hakuwa na kosa.

Je, hofu iliyohifadhiwa inaweza kupunguzwa? Inaweza. Haifutwi, juu yake hujengwa kumbukumbu mpya ya usalama, na hizo mbili hushindana. Hapa kotisoli hugeuka kuwa msaada, kwa sifa zilezile tulizozilaumu, kwa kuwa huziba kidogo kumbukumbu ya zamani isitoke na hukaza kumbukumbu mpya inayohifadhiwa. Mwaka 2011 ilichapishwa kazi ya de Quervain na wenzake juu ya watu 40 waliohofu mahali pa juu. Walipitishwa katika urefu wa kuigiza kwa kompyuta mara tatu, na kila mara saa moja kabla baadhi yao walipewa miligramu 20 za kotisoli. Waliopewa kotisoli walipungukiwa na hofu zaidi, na mwezi mmoja baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Watafiti wengine wameona kwamba mazoezi ya namna hii yakifanywa asubuhi, wakati kotisoli ya mwili wenyewe iko juu, huzaa matunda zaidi kuliko jioni.

Kwa hiyo anayemsaidia jamaa yake kuizoea hofu ya kawaida achague asubuhi, aende hatua kwa hatua na kwa ridhaa ya mwenyewe, na asitosheke na mahali pamoja. Kumbukumbu ya usalama hushikamana sana na mahali ilipojengwa. Mtoto aliyezoea mbwa wa jirani Majengo huenda akamkimbia mbwa mwingine Nyali, na hapo atasemwa amerudi nyuma ilhali hakurudi.

Mwisho, nawasihi kuhusu madawa. Naijua tabia yetu ya kwenda duka la dawa na kueleza shida kwa kijana wa kaunta. Propranololi ni hatari kwa mwenye pumu. Spironolaktoni huweza kupandisha potasiamu katika damu hadi ikavuruga mapigo ya moyo. Na deksamethasoni, ambayo baadhi ya kina dada huimeza wapate kunenepa, hukishika kipokezi cha pili kwa nguvu kuliko kotisoli yenyewe. Anayeimeza kwa wiki nyingi tezi zake za adrenali hulala, na akiacha ghafla anaweza kuzirai, hata kufa. Aliye katika hali hiyo asiache leo kwa sababu ya maneno yangu. Aende hospitali aseme kweli ameimeza kwa muda gani, apunguziwe polepole, na wahudumu wa afya mliopo hapa nawaomba mbaki baada ya kikao ili tukubaliane ni nani atakayewapitia kina dada hao katika mitaa yenu. Maswali nitayapokea sasa, tukianza na wale waliosimama nyuma.